Saiprasi Iliyoitwa Kemuma

Homa Bay ya miaka ile haikuwa na mtu wa kuongea Kigusii na Nyarangi, ndiyo maana aliongea na miti. Msimcheke. Sokoni alijikaza na Kiswahili chake, Kijaluo kilimpiga chenga, na Jumamosi kanisani kwa Wasabato alikaa benchi la nyuma, akaimba, akasalimia watu, kisha akarudi chumbani kupika ugali wa mtu mmoja. Sasa mtu kama huyo aseme na nani?

Zamani alikuwa na mkewe, Kemuma. Kazi ndiyo iliyowaleta huku. Mke wa ofisa mmoja Mzungu alikuwa na kibustani nyuma ya nyumba, na wazimu wake ulikuwa miti mifupi ya jamii ya saiprasi, ile inayokua polepole mno, mingine isivuke hata goti. Aliiagiza kwao Ulaya ikaja kwa meli, na Nyarangi akapewa kuitunza.

"Huu ni Nana," memsahibu alimfundisha. "Kwa Kilatini ni kibete. Na ule pale ni Ellwoodii. Ellwood alikuwa mtunza bustani."

"Mtunza bustani? Kama mimi?"

"Kama wewe."

Neno hilo lilimkaa Nyarangi moyoni. Memsahibu alimweleza pia kwamba miti hiyo haipandwi kwa mbegu, kwa sababu mbegu zitakuletea miti mirefu ya kawaida. Unakata kijitawi, unakichomeka udongoni, kinatoa mizizi, na kinachoota ni mti ule ule kwa jina lile lile, hata kama mwenye jina alizikwa kitambo.

Siku moja Nyarangi alikuwa anang'oa miche mibovu ya saiprasi ya kuzungushia boma. Mmoja ulikuwa umejikunja chini, mnene, mfupi, haufanani na wenzake. Alipotaka kuutupa, Kemuma alimshika mkono.

"Uache, bwana! Umekukosea nini?"

Akautia kwenye kopo kuukuu, akaumwagilia yeye mwenyewe. Mvua za masika zilizofuata zikaja na homa, homa ikamchukua Kemuma, na walikuwa hawajajaliwa mtoto.

Wagusii wakifiwa, jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa kwenye ukoo, na hapo watu hutulia, wakajua mtu wao amerudi nyumbani. Kemuma angerudi kwa nani? Swali hilo lilimla Nyarangi kuliko hata kilio chenyewe. Basi memsahibu alipofungasha kwenda kwao wakati wa Uhuru akamwachia miti, Nyarangi alichukua kibao, akaandika KEMUMA, akakichomeka kwenye kopo lile. Akakata vijitawi, akaotesha, akauza kando ya barabara. Walau jina lisipotee, alijisemea, na kweli lilimpa nafuu kidogo.

Mwaka wa sitini na sita Machuki, kaka yake Kemuma, aliyekuwa akiuza vitambaa Migori, alituma salamu. Mkewe, Nyasuguta, amejifungua msichana. Shemeji aje Jumapili, mtoto apewe jina la Kemuma.

Jamani, Nyarangi alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka! Alioga, akavaa koti, na zawadi hakuitafuta mbali. Alichukua mti wenyewe, ule wa kwanza kabisa, akapanda basi akiwa ameupakata.

Migori walimpokea kwa shangwe. Akauweka mti mbele ya Nyasuguta, aliyekuwa ameketi na mtoto mapajani.

"Huyu ni Kemuma," alisema. "Nimemletea wajina wake."

Nyasuguta alitabasamu. "Mzuri, shemeji. Utakua mpaka wapi?"

"Haukui!" Nyarangi alijibu kwa fahari. "Utabaki hivi hivi, miaka nenda miaka rudi!"

Lo, Nyarangi! Si ungenyamaza tu? Kina mama waliojaa sebuleni waliuacha mti, wakamtazama mtoto. Nyasuguta alimvuta mtoto kifuani, akamfunika na kanga.

"Shemeji," Machuki alisema taratibu, "tulitaka dada yangu arudi, akue, aolewe, azae. Wewe jina lake umelipa kitu kisichokua?"

"Nitaung'oa! Nitaichoma yote!"

"Uung'oe?" Nyasuguta alisema. "Umuue mara ya pili? Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Hakuna aliyemgombeza. Walimlisha ugali wa wimbi na kuku, wakamuulizia kazi, na mtoto wakamwita Bonareri. Jioni Machuki alimsindikiza stendi akiwa amembebea lile kopo.

"Kaa naye wewe, shemeji," alimwambia, akalipitisha dirishani mwa basi.

Nyarangi aliona aibu, akaona na uchungu, na njia nzima hakuna aliyemuuliza kitu. Kesho yake aliutoa mti kwenye kopo, akauchimbia shimo pana nje ya mlango, akaujazia samadi ambayo miaka yote aliunyima usije ukaharibika umbo. Akauondolea kibao. Tangu siku hiyo, kila asubuhi aliinama pale na kopo la maji.

"Kua," aliusihi kwa Kigusii. "Kua basi, mama, hata kidogo."

Mti ulinawiri, ukawa kijani kibichi cha kupendeza, na haukukua.