Kufanya Kazi Kama Mtu Mweusi

Icilda Greenidge wa Barbados, mweusi peke yake katika kiwanda kile cha udobi mjini Bradford, alikuwa na mwaka wa kumi na moja kwenye pasi ya mvuke pale Bi Sugden, nyapara wao, alipotangaza kwamba anastaafu. Kwa desturi ya pale, nyapara anayeondoka ndiye humtaja mrithi wake kwenye chai ya kuagana, na meneja hapingi. Icilda aliutaka unyapara ule mpaka akauota. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto hadi viwikoni, na nyapara hashiki pasi.

Siku ya chai alivaa blauzi ya kanisani. Bi Sugden akasimama.

"Nimewaangalia sana," akasema. "Kuna mmoja hapa amefanya kazi kama mtu mweusi. Maureen, njoo, mwanangu!"

Maureen, Mzungu wa pasi ya jirani na Icilda, akajitokeza, watu wakapiga makofi. Icilda naye akapiga, viganja vikitangulia akili. Kisha udadisi ukamshika, ule wa mtu anayetaka kujua kisu kilichomchoma kilinolewa wapi.

"Samahani, Bi Sugden. Huyo mtu mweusi ni nani?"

"Yupi, mpenzi?"

"Huyo ambaye Maureen anafanya kazi kama yeye."

"Aa! Si mtu. Ni maneno tu ya kumsifu mchapakazi, marehemu baba alikuwa akiyasema."

"Baba alimjua mweusi gani?"

Bi Sugden akafikiri kwa dhati. "Hakumjua hata mmoja."

"Na mimi je, nafanyaje kazi?"

"Wewe? Vizuri tu. Hebu usituanzie mambo, keki bado haijakatwa."

Maureen masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu. "Icy, mimi sikuomba."

"Najua. Na hukukataa."

Jumatatu Icilda akaamua kuonja kazi ya Maureen ilivyokuwa. Akapiga pasi mashati kumi na mawili kwa saa, kama Maureen alivyozoea, badala ya ishirini na mawili yake ya kila siku. Nyapara mpya akaja mbio.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nafanya kazi kama ulivyokuwa ukifanya wewe."

Maureen akaenda zake.

Siku ikawa ndefu ajabu. Icilda aligundua kwamba mvuke ukitulia, dirisha lililo mbele ya pasi yake huonyesha mpaka stesheni. Akatazama treni tatu zikipita. Hakuna aliyemkemea. Kumbe miaka yote kumi na moja jambo hilo lilikuwa linaruhusiwa.