Andati wa Brazili

Nikipita sokoni Shianda siku hizi wananiita Profesa, nami naitika bila haya, ingawa shule niliiacha darasa la nne. Profesa mwenyewe ni mke wangu, Milcah.

Mwaka wa 1977, sukari ikiwa imechangamsha kila boma, watafiti walikuja na fedha za ng'ambo kuchunguza ule ugonjwa unaochomoza kileleni mwa muwa kama mjeledi mweusi. Walikuwa na Landrova mbili na makarani sita. Milcah alikuwa mmoja wao. Kila mwezi alihesabu mashina yaliyougua katika mashamba kumi na mawili, akaandika daftarini. Fedha zilipokatika, magari yaliondoka na makarani watano wakarudi makwao. Milcah alivaa gambuti zake akaendelea.

"Mama Risper, unahesabianga nani hii miwa?" nilimcheka. "Hata hawakulipi!"

"Ugonjwa haijui pesa imeisha," alinijibu, akaenda zake.

Miaka miwili! Mvua ikinyesha, mimba ikiwa kubwa, yeye na daftari lake. Niliona amerukwa na akili, na nikamwambia hivyo.

Kisha akaja Sylvanus, mtafiti wa Kakamega, uso umemshuka. Ripoti ya ugonjwa huo aliyoiandika peke yake ilikuwa imelala kabatini, hakuna mtaalamu aliyeitaja popote. Sasa wenzake wa ng'ambo walikuwa wamepata ufadhili mpya, na makala ambayo wangeandika pamoja ingesomwa dunia nzima. Lakini wafadhili walitaka hesabu ya miaka mfululizo. Kukiwa na pengo, kazi yote imekufa.

Milcah aliingia chumbani, akatoka na madaftari yamefungwa kwa kamba ya katani.

"Iko hapa yote. Lakini jina yangu iandikwe."

Likaandikwa. Tangu hapo Sylvanus hutuletea habari: India wamemtaja, Morisi wamemtaja, hata Brazili. Ila wataalamu hutaja jina la ukoo tu, kwa hiyo huko kote imeandikwa Andati. Andati ni mimi, mimi niliyemcheka! Najivunia mke wangu mpaka kifua kinauma, na wiki nzima nilijigamba kila duka.

Jumapili akanipakulia obusuma, ugali wetu, akaniuliza kwa upole, "Baba Risper, huyo Andati wa Brazili alihesabu shina ngapi?"

Kesho yake nilivaa gambuti nikamfuata shambani anakohesabu hadi leo, nikashika safu ya kwanza. Nilikosea kwa mashina saba. Milcah akanirudisha mwanzo wa safu.