Nguo Zilizorudi Safi

Wifi yangu ni mtu wa kushuku, na simlaumu. Ukifua nguo za bweni zima miaka nenda rudi, unazijua siri za watu hata usipotaka. Anajua nani amelia usiku, nani anavuta sigara nyuma ya maabara, na nani anamwambia mwalimu mkuu anafunga huku mfuko umejaa makombo ya keki. Wanafunzi wanamwita Mama Povu. Mimi ndiye mpiga pasi, na wananiita Shangazi Moto, ila wakiwa mbali, maana wananijua.

Kaka yangu alipofariki alimwachia wifi binti mmoja. Shule ikakubali asome hapo kwa sababu mama yake ni mfanyakazi. Mtoto huyo ndiye roho yake, na wote tunajua.

Sasa, darasa la binti likapelekwa kule kwenye maporomoko, ambako mvua iliushusha mlima ukafukia nusu ya kijiji. Walikwenda kusaidia kuzoa matope kwenye nyumba za watu, wiki nzima. Siku ya kurudi tulijiandaa kwa vita. Wifi alichemsha maji, akajaza mapipa, akafunga kanga kiunoni. Mabegi yakafunguliwa. Loo! Nguo zote zilikuwa safi, zimekunjwa vizuri, na soksi zilikuwa nyeupe kuliko zilivyoondoka.

"Wifi," nikasema, "hebu nusa hapa."

Akanusa. Haikuwa sabuni yetu.

"Matope gani haya yasiyoacha hata alama kwenye pindo?" akauliza.

"Ya hotelini," nikamjibu. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Watu wazima tumetoa mablanketi yetu wenyewe yapelekwe kule, halafu watoto wanatupiga changa la macho!

Tukaanza kuchunguza. Dereva wa basi alipokuja kuchukua shati lake, nikamkalia kooni.

"Eti, mlikwenda wapi hasa?"

"Si huko huko."

"Huko wapi?"

"Shangazi, mimi naendesha tu. Muulize mwalimu." Akalinyakua shati likiwa bado na joto la pasi, akaondoka mbio.

Mwalimu naye alitutolea picha kwenye simu. Matope yalikuwepo, na paa lililolala chini, na watoto wetu wamejipanga na makoleo, nguo zinang'aa utadhani wanakwenda kupokea zawadi.

"Hiyo ilikuwa asubuhi, kabla ya kazi," akasema, na simu akairudisha mfukoni haraka mno. Mimi na wifi tukatazamana.

Basi wifi akamwita binti nyuma ya kamba za nguo. "Nguo zako alifua nani?"

Mtoto akatazama viatu vyake. "Nilifua mwenyewe, mama."

Uongo mtupu. Kola ilikuwa imesuguliwa na mtu mzima aliyeizoea kazi hiyo, hata mimi niliona. Wifi hakumgombeza. Alisubiri aondoke, kisha akaniambia, machozi yakimlengalenga, "Kama mwanangu amekwenda kustarehe kwa jina la maiti za watu, namtoa shule hii. Haki ya nani, namtoa." Na wifi akisema, amesema. Hapo hata mimi niliingiwa na hofu, maana ni mtoto wa kaka yangu, na shule nyingine ya kumpeleka hatuna.

Ijumaa wazazi wakaitwa ukumbini, wanafunzi waje waeleze walichojifunza. Tukakaa mstari wa pili. Mvulana mmoja alijifunza mshikamano. Mwingine alijifunza umuhimu wa kupanda miti milimani. Watu wakapiga makofi. Wifi mikono yake ilibaki mapajani.

"Mshikamano," nikamnong'oneza, "kwenye bwawa la kuogelea."

Binti alikuwa wa mwisho. Hata salamu hajamaliza, wifi akasimama.

"Kabla hujatufundisha, tueleze. Matope ya nguo zenu yalikwenda wapi?"

Mwalimu akainuka. "Mama, tafadhali..."

"Kaa, mwalimu," nikamwambia. Akakaa.

Binti akaikunja karatasi yake.

"Tulilala kwenye darasa la shule yao lililobaki limesimama," akasema. "Jioni ya kwanza tukavua nguo za matope tukaziacha nje ya mlango, kama tunavyofanya bwenini. Hatukufikiria kitu. Asubuhi tukazikuta zimefuliwa. Ikawa hivyo kila siku, tukadhani wana mfuaji. Hata nilimkuta mama mmoja akizikusanya, nikamwambia, sketi yangu usiikamue sana, itaharibika marinda."

Akaikunja karatasi mara ya pili.

"Siku ya kuondoka ndipo tulipoambiwa hawana mfuaji. Yule ndiye mwenye nyumba tuliyokuwa tunaisafisha. Waliona wageni wametoa nguo, wakaona haya kutuambia. Maji waliyotufulia ni yao ya kunywa, yanaletwa na gari, wanayapangia foleni. Na ana binti wa rika langu. Bado hawajampata, yuko chini ya matope."

Akamgeukia mama yake.

"Mwalimu alituomba tusilitaje. Lakini hata asingetuomba, mama, nisingeweza kukuambia wewe."

Mimi na mdomo wangu wote nilitamani ardhi inimeze. Wifi alikuwa bado amesimama, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Mama, nilikusikia kule kwenye kamba. Unanitoa shule?" binti akauliza.

Wifi akatikisa kichwa.

"Heri mngekuwa mmekwenda hotelini," akasema. "Tangu uzaliwe sijakuacha uloweke hata leso yako, mwanangu. Nilidhani huko ndiko kukupenda."