Kiti Alichokikataa Caren

Caren Akinyi wa mtaa wa Manyatta hupiga picha za mazishi kwa droni, maana siku hizi msiba usio na picha za angani huonekana haukupangwa. Ana mkono mtulivu. Sifa hiyo ilimfikia wakala mmoja wa ajira mjini Kisumu, akamwahidi kazi ya kurusha droni katika vita vya ng'ambo. Alitakiwa kupeleka jibu Jumatatu.

Jumamosi alikuwa Asembo Bay kwenye mazishi ya Mark, kijana aliyekwenda ng'ambo kuwa mlinzi akajikuta vitani, mstari wa mbele. Droni ndogo ilimfuata na kumuua. Baada ya kuzika, wanaume walishika mikuki na ngao, wakaswaga ng'ombe mbio kuelekea ziwani. Ndiyo tero buru, desturi ya kukifukuza kifo kutoka bomani. Caren alitaka mikuki ijae kwenye picha, akaishusha droni yake hadi chini ya usawa wa paa.

Mama Seline, mamake Mark, akajitupa chini ya meza, mikono kichwani. Video ya mwisho wa mwanawe ilikuwa imezagaa kwenye simu za watu, naye aliujua mlio ule wa droni.

Caren aliitua droni papo hapo. Mzee Oyugi, baba mdogo wa marehemu, akamjia mkuki ukiwa bado mkononi.

"Nyara," alimwambia, yaani binti yangu, "zamani mwenye mkuki alilazimika kumwona anayemuua. Na akishaua vitani, alilala nje ya boma mpaka atakaswe. Aliyemuua Mark aliinuka kwenye kiti akaenda kula. Huyo nani atamtakasa?"

 Caren alipiga magoti akamwomba Mama Seline msamaha, akaifunga droni kwenye begi, akamaliza kazi kwa miguu, kamera begani, ndani ya vumbi la ng'ombe.

Jumatatu wakala alimkumbusha kwamba angekaa mbali na risasi. Kazi safi, alisema, na kiti kizuri.

"Hicho kiti ndicho sikitaki," Caren alijibu.

"Mwingine atakikalia, dada."

"Basi akikalie. Jina langu lifute sasa hivi, nikikuona."

Manyatta walimcheka: eti vita vitakoma kwa sababu yake? Havikukoma, wala hakusema vitakoma. Silaha zimebadilika; kuua ni kuua. Caren bado hurusha droni misibani, lakini juu sana, na kwanza humuuliza mama wa marehemu. Akikataliwa, hutembea na kamera begani.