Nyuzi za Kidonda cha Mama

Mama alivunjika nyonga akishuka ngazi ya nyumba yetu ya mtaa wa Bwiza, na kwa majuma tisa nilimuuguza hospitalini, kwa kuwa kwetu mgonjwa halazwi peke yake: mtu wa nyumbani hulala sakafuni kando ya kitanda, humlisha, humfulia mashuka. Dawa na vidonda ni kazi ya wauguzi. Katika juma la tatu ngozi ya mgongo wake, chini kabisa, ilifunguka. Daktari alinieleza bila kupamba maneno kwamba kwa uzee wake kidonda cha kulalia kingeweza kumwua kabla nyonga haijaunga.

Muuguzi mmoja, mwanamke wa mtaa wa Mutakura mwenye sauti nene, alikichukua kidonda kile kuwa chake. Kila asubuhi alichomoa uzi safi kwenye shashi ya kufungia vidonda, akaukata sawa na upana wa kidonda, kisha akaubandika kwa plasta ubavuni mwa kabati dogo la mama, chini ya uzi wa jana. Siku uzi ulipopungua aliimba akifunga bendeji. Siku usipopungua alipanga upya saa za kumgeuza mgonjwa.

"Mama, jana ulilala chali," muuguzi alimwambia.

"Apana, mutoto wangu. Nililala ubavu."

"Mugongo haiongopi. Ni we unaongopa."

Mama alicheka hadi akashika nyonga.

Mimi ni mwalimu wa Kilatini. Nilikuwa nikiamini kwamba neno jema, likiwekwa mahali pake, halimdhuru mtu. Nilimwandikia mkurugenzi wa hospitali kurasa mbili za kumsifu muuguzi yule, bila kumwambia mwenyewe. Siku tatu baadaye alihamishiwa ghorofani, kwenye vyumba vya mgonjwa mmoja mmoja, ambako hospitali ile ilipenda kuwaweka wauguzi waliosifiwa. Ilikuwa tuzo. Wenzake walimsindikiza ngazini wakimtania, "Pandeni na barua yenu, Madamu!"

Aliyeshika nafasi yake, msichana mpole, hakuwa mzembe. Bendeji zake zilikuwa safi, na kila alichotakiwa kuandika alikiandika. Lakini tangu mwaka kuanza alikuwa amehamishwa wodi mara tatu bila kuulizwa, na alimtazama mama kama abiria anavyotazama kituo asichoshukia. Uzi mpya haukubandikwa. Asubuhi ya tano, nikimgeuza mama, nilisikia harufu kabla ya kuona chochote.

Nilipanda ghorofani. Yule wa kwanza alikuwa akisukuma meza ya dawa.

"Nilitaka tu kukupongeza," nilianza.

"Ulinipongeza vibaya, Mwalimu. Kidonda iko je?"

"Hakuna uzi mpya uliobandikwa."

"Sema."

"Kinanuka."

Aliegemeza meza ukutani. "Lete karatasi."

Niliandika juu ya meza ile ile, katikati ya vichupa. Nilipofika kwenye maneno "muuguzi huyu bora" alinishika mkono.

"Hiyo 'bora' utoe. Ndiyo ilinipandisha huku."

Barua ikabaki sentensi moja, yake mwenyewe: anaomba kurudi chini hadi vidonda alivyovianza vifungike, na msichana aliyeshika nafasi yake asihamishwe tena, wafanye pamoja. Alitia sahihi, nami nikamsindikiza kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. "Watu huniomba kupanda," alisema, akamtazama. "Umekosewa huko juu?"

"Apana, Bwana Mkurugenzi. Kuna kazi sijamaliza."

Akaidhinisha.

Alasiri hiyo walikisafisha kidonda wawili, na mama akawafokea wote wawili kwa maumivu. Uzi waliobandika ulikuwa mrefu kuliko wa siku ile barua yangu ya sifa ilipofika. Nauona hadi leo. Kesho yake yule msichana alikata uzi mwenyewe, akauliza kama amepima sawa. Baada ya juma moja ndiye aliyekuwa akimgombeza mama kuhusu kulala chali, na nyuzi zikaanza kufupika, si kila siku, lakini zikaanza.

Asubuhi moja alifungua bendeji, akainama karibu mno, akachomoa uzi, akaushika vidoleni bila kuukata. Hakukuwa na cha kupima. Alibandika plasta tupu chini ya nyuzi zote, kisha akamwita mwenzake kutoka mwisho wa wodi, kwa sauti iliyowaamsha wagonjwa: "Madamu! Mukuje muone!"