Saba Mara Nane

Siku zile za lockdown hapa ughaibuni, Ilford, binti yangu Zawadi alisomea mezani jikoni, mwalimu akiwa kwenye laptop. Mimi nilijibanza kando ya friji nikimnong'oneza majibu kwa Kiswahili, nikiamini hakuna wa kutuelewa, naye akiyatamka kwa Kiingereza. Mwalimu alimsifu mno, hata nikampigia nyanyake kule Nakuru kujigamba kwamba mtoto amerithi akili zangu.

Asubuhi moja akaulizwa saba mara nane.

"Hamsini na nne," nikanong'ona.

Zawadi akajibu hivyo hivyo kwa Kiingereza, bila wasiwasi. Mwalimu, mama wa Kihindi mpole sana, akacheka hadi akavua miwani.

"Zawadi, mama," akasema kwa Kiswahili safi, "mimi nilizaliwa Kisumu. Mwambie baba ajaribu tena."