Mama Hasikii Nikimwita, na Ekuteri Nilizichagua Mimi

Salamu, wasomaji wa ukurasa huu. Jina langu lifichwe, na mtaa wangu pia, maana hapa Kindu tunajuana. Nina miaka thelathini na tatu, sina mume, naishi na mama yangu mzazi, sisi wawili tu. Naandika nikiwa nimechoka kulia, kwa hiyo mkiona maneno yanarukaruka mnivumilie.

Kazi yangu ni kusikiliza. Kuna watu wanaozunguka vijijini kuzungumza na wakulima wa mpunga, wananitumia sauti kwenye simu, nami naziandika neno kwa neno. Sasa jirani yetu ana mashine ya kusaga muhogo, inaanza asubuhi na kunyamaza jioni. Ekuteri zangu za zamani, yaani vile visikilizio vya kutia masikioni, zilikuwa besi tupu, nzuri kwa rumba, lakini mzee wa Kibombo akizungumza mimi nasikia mashine. Nilikosea maneno mpaka nikaambiwa wazi kwamba kazi itapewa mtu mwingine.

Nikaenda sokoni nikiwa nimeshauliza watu vya kutosha. Nilitaka za waya, maana umeme wetu mnaujua, zile za kuchaji zingeniacha njiani. Nilitaka bei ninayoiweza, sauti safi ya mtu anayeongea, na vimpira vinavyoziba sikio sawasawa. Muuzaji, bwana mmoja mwenye maneno mengi, alinibadilishia vile vimpira mara tatu hadi vikakaa. Halafu akasema, "Dada, tia zote mbili. Miye nitasimama huku nyuma nikuite. Kama unasikia, usinunue." Nikangoja. Akaja mbele yangu akicheka, kumbe alishaniita mara nne. Nilifurahi kama mjinga, nikalipa.

Kuna jambo sikulifikiria, na hapo ndipo roho inaponiuma. Mama yangu huniita. Wakati wa vita, nikiwa na miaka saba, tulikimbia mji kupitia majani marefu kumzidi mtu: mama, mimi na kaka yangu Amisi. Humo ndani hatukuwa tunaonana. Mama alikuwa anaita kwa sauti ya chini, "Muko?" nasi tunajibu, "Tuko." Mbele kidogo akaita, nikajibu peke yangu. Akaita tena. Hakuweza kupaza sauti, wenye bunduki walikuwa karibu. Amisi hatujamwona mpaka leo, wala kaburi lake hatulijui.

Tangu hapo, popote alipo ndani ya nyumba, mama huita, "Uko?" nami najibu, "Niko, mama." Hata mbele ya wageni. Hata nikiwa nafua. Zile ekuteri za zamani hazikunizuia kumsikia, ndiyo maana sikuwahi kuwaza.

Siku ya kwanza na hizi mpya nilifunga mlango wa chumba changu, nikafanya kazi vizuri ajabu. Sauti ilikuwa safi, nilisikia hata kuku wa yule mkulima. Nilipozitoa masikioni, mlango wa nje ulikuwa wazi na mama hayupo. Kutoka alipokuwa amekaa hadi mlango wangu ni hatua tano, lakini hakuufungua. Aliita, hakujibiwa, akaondoka. Mama jirani ndiye aliyemrudisha kwa pikipiki kutoka njia ya Kibombo, peku, tope hadi magotini. Akaniambia, "Alikuwa anaita Amisi. Kila muntu wa njiani anamuuliza Amisi iko wapi."

Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Nilimwosha miguu, nikamwambia ukweli, nikamwonyesha zile ekuteri. Alizishika, akaminyaminya kile kimpira kwa vidole. "Hivi vintu njo vilifanya usinisikie?"

"Ndiyo, mama. Unisamehe."

Akasema, "Nitiye na miye. Tangu vita niko nasikiliza tu. Nimechoka, mutoto wangu."

Nikamtia, kwa vimpira vidogo kabisa vilivyokuja nazo, bila wimbo wowote. Mashine ilikuwa inanguruma pale nje. Nikaona mabega yake yanashuka. Alilala papo hapo kwenye kiti, mdomo wazi, na mimi nikashukuru Mungu kwa kununua kitu chenye maana.

Huu ni mwezi wa tatu. Mwanzo alizitoa wakati wa kula na kuswali. Siku hizi anakula nazo. Haniiti tena. Wageni wanasalimu wanaondoka. Nikimsemesha ananitazama kwa upole tu, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na mazungumzo yetu yameisha. Shangazi alikuja akaniambia, "Umemuzika mama yako, naye iko muzima." Maneno hayo sijaweza kuyameza.

Nilijaribu kuzificha siku moja. Hakugomba. Alikaa akiutazama mlango, kila pikipiki ikipita anashtuka, akaanza, "Uko? Uko? Uko?" bila kupumua, nami nilijibu hadi sauti ikanikauka, lakini jibu langu halikumtosha tena. Kabla jua halijazama mimi mwenyewe nilimrudishia.

Kwa hiyo msiniambie tu "mnyang'anye" wala "mwache". Nikizitoa, vita vinamrudia. Nikiziacha, nyumbani nimebaki peke yangu na mama yupo. Kazi naifanya sasa kwa zile za besi, vibaya, lakini hilo si kitu.

Vidole vyake vinatetemeka, hawezi kuzivaa mwenyewe, kwa hiyo kila asubuhi hunikabidhi na kuinamisha kichwa, na ni mkono wangu huu unaomziba masikio. Kesho atainama tena. Ndugu zangu, mlio na wazazi na mliowazika, nishaurini, nifanye nini?